Mpiga Mbiu wa Rooty Hill

Kwa amri ya Mheshimiwa Meya! Wananchi wote wa Sant Medir ya Baharini, wavuvi na wake zao, wachuuzi, mapadri na watoro wa misa, mnatangaziwa kwamba uji umeiva, una maziwa, una sukari, na kila raia mwaminifu anatakiwa kufungua mlango wa nyuma na kuupokea kabla haujapoa. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali. Mungu amlinde Meya!

Meya hakuwepo. Sant Medir yenyewe, mji mdogo wa Wakatalani kwenye pwani ya Mediterania, ilikuwa upande mwingine wa dunia ikiendelea na shughuli zake bila habari. Tangazo lilisomwa Rooty Hill, magharibi mwa Sydney, juu ya ua wa mabati unaotenganisha nyumba mbili za matofali. Msomaji alikuwa Aketch, msichana wa miaka kumi na sita, aliyesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa akiwa na pajama na koti la baba yake. Tarumbeta yake ilikuwa kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, na kwenye ncha yake faneli ya kumiminia oili ya gari. Ilitoa mlio wa ng'ombe mwenye mafua.

Upande wa pili mlango ulifunguka kidogo. Mzee mwembamba mwenye sweta la kijani akachungulia, akatembea hadi kwenye kikapu cha nguo kilichoteremshwa kwa kamba juu ya ua, akatoa bakuli, akaliinua kidogo kuelekea mbinguni kumshukuru Meya, akarudi ndani.

"Amechukua?" mama yake Aketch akauliza kutoka dirisha la jikoni.

"Amechukua, mathe. Serikali imeshinda."

"Shuka kwa hiyo ndoo kabla hujavunja shingo. Na uvae soksi."

Mwandishi wa habari hizi ni mtu mzima mwenye upara na miwani, hana udugu na yeyote anayetajwa humu, na anaona kila kitu kutoka juu, kama helikopta ya polisi iliyokuwa ikizunguka vitongoji hivyo vya Blacktown majira yale ya baridi ya mwaka 2021. Aaminike.

*

Nyumba ya Ronnie na Wilkister ilikuwa karantini kwa amri ya serikali halisi. Ronnie alikuwa ameuleta ugonjwa wa korona kutoka ghala moja la St Marys, alikokuwa akipakia friji na mashine za kufulia; akampa mkewe, mkewe akampa binti, kama watu wanavyogawana chapati. Ronnie, Mjaluo mwenye mabega mapana, alilala kwenye kochi akitoka jasho. Wilkister, Mbukusu mfupi asiyejua kukaa, alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee, kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu wengine. Sasa alikatazwa hata kufungua geti lake mwenyewe.

Kila siku walikaguliwa. Polisi wawili na mwanajeshi kijana walisimama kando ya barabara na kumtaka Ronnie atoke barazani aonekane. Siku hiyo alitoka na blanketi mabegani.

"Ndani mko wangapi kwa kweli?" polisi mmoja akauliza.

"Watatu."

"Hakuna binamu? Hakuna watu wa kanisa?"

"Watatu, bosi."

"Hebu tuwaone."

Wakatoka wote, wakajipanga ukutani kama vyungu vya kuuzwa. Mama wa ng'ambo ya barabara, yule aliyekuwa akija kuomba mbegu za sukuma wiki, alikuwa dirishani. Wilkister akampungia mkono kwa mazoea. Pazia likarudi mahali pake. Aketch akapiga saluti ya nguvu, mguu chini, na yule mwanajeshi akaanza kuirudisha kabla hajakumbuka yuko kazini.

"Wee, utatufungisha," Ronnie akanong'ona walipoingia ndani.

"Budah, tushafungwa tayari."

Ronnie akataka kucheka, kikohozi kikamwahi.

Simu ya Wilkister ikalia. Alikuwa Montse, mtoto pekee wa mzee wa upande wa pili. Alikaa Perth, katika jimbo lililokuwa limefunga mpaka wake. Angeweza kuja Sydney, lakini asingeruhusiwa kurudi kwa watoto wake. Hakuwa na salamu siku hizo, alianza moja kwa moja.

"Amekula?"

"Amekula, mama. Ameshukuru Serikali."

"Watu wa huduma wamenipigia tena. Wanasema mtu wa umri ule, na kichwa kikiwa vile, asiachwe peke yake. Wana nafasi kwenye nyumba ya wazee. Jana walimtuma mtu, akamkuta amejifungia."

"Alikuwa amevaa yale magauni ya plastiki na barakoa?"

"Bila shaka."

"Ndiyo maana. Montse, nisikilize, mimi ndiye nafanya kazi huko. Sasa hivi hakuna mgeni anayeingia. Watu wanaaga dunia wakiangalia skrini ya simu. Mzee haendi popote. Atakula kwake, atalala kwake, mpaka wewe ufike."

"Unaniahidi?"

"Nimekuahidi."

Ronnie alisubiri simu ikatwe. "Wilki, umeahidi kitu kilicho upande wa pili wa ua."

"Ua ni mabati tu, Baba Aketch."

*

Mzee huyo aliitwa Narcís, na alikuwa amevuka miaka themanini na mitano. Majirani zake Waafrika walimwita Mzee Narsi. Urafiki wao ulianza kwa omena, dagaa wa ziwani. Wilkister alikuwa amepiga marufuku kukaanga samaki ndani ya nyumba, kwa hiyo Ronnie alikuwa nje na kikaangio chake wakati pua ndefu ilipochomoza juu ya mabati.

"Seitó!" pua ikapiga kelele. "Hao ni seitó!"

"Ni omena," Ronnie akasema kwa wasiwasi, akidhani analetewa malalamiko ya harufu.

Mzee akanyoosha kiganja. Alikula kwa vidole, akala na vichwa, akafumba macho. Kwao Sant Medir, akaeleza, wanawake wote walikuwa na mikono iliyopasuka kwa chumvi, kwa sababu ya kuwapanga samaki wadogo kama hao kwenye mapipa. Tangu siku hiyo Ronnie alimhesabu kuwa Mjaluo aliyepotea njia.

Aketch alikuja kumfahamu kwa sababu zisizo za heshima. Alikuwa ametoka shule ya bweni nyumbani Kenya, alikokuwa msomaji wa matangazo ya paredi, hadi asubuhi moja alipotangaza kwa sauti ya kusikitika kwamba mfumo wa maji umeharibika na shule imefungwa. Mabweni mawili yalikuwa yamemaliza kufunga masanduku kabla mwalimu mkuu hajapata habari. Sydney ilikuwa, kwa namna fulani, adhabu yake. Masomo yalipohamia kwenye skrini, mwalimu wa historia aliwataka wanafunzi waandike kuhusu mahali palipo karibu na nyumba zao. Aketch alipima kwa macho umbali wa ua, akachagua Sant Medir, mji ambao mwalimu asingeweza kuukagua.

Mzee Narsi alifurahi kupita kiasi. Kila mchana alileta kiti chake kwenye mabati, naye Aketch akapanda ndoo yake, na mji ukapita katikati yao. Walikuja Warumi, wakachimba matangi ya kulowekea samaki chumvini, wakaondoka na kuacha harufu. Wakaja maharamia, wakachukua watu kutoka vitandani, na walipokwisha kuondoka wakubwa wa mji wakajenga mnara wa kuwaona maharamia wakija. Vijana wakaenda Cuba. Wachache waliorudi na mali walijenga nyumba kubwa na kupanda mitende mbele ya milango, ili kila apitaye ajue mwenyewe alikuwa wapi.

"Kama kwetu Ugenya," Ronnie akasema kutoka kwenye kikaangio. "Siku hizi badala ya mtende wanaweka simba wa saruji."

Kisha mdudu mdogo asiyeonekana alikula mizabibu yote ya vilimani. Kisha vita. Kisha amani, ambayo kwa maelezo ya mzee ilikuwa mbaya zaidi. Na mwisho wake, hoteli za watalii zilisimama kwenye mchanga walipokuwa wakianikia nyavu, naye akapanda meli na mkewe kuja kutengeneza vipuri St Marys.

Aketch aliyaandika yote, na palipopungua uhondo akaongeza. Aliandika kwamba Sant Medir iliwahi kutangaza vita dhidi ya dagaa kwa kukataa kulipa ushuru. Mwalimu alimpa alama za juu na kumsifu kwa utafiti. Aliposomewa sehemu hiyo, mzee alicheka hadi akashika mabati. Halafu uso wake ukabadilika.

"Andika utakavyo, nena," akasema. Hilo nena ni neno lao la kumwita binti mdogo. "Lakini ukishika tarumbeta, hapana. Meya anaweza kudanganya. Padri pia. Mpiga mbiu, hapana. Watu wanaacha chakula mezani kwa sababu yake."

Alijua alilolisema. Baba yake ndiye aliyekuwa mpiga mbiu wa mji. Alikuwa na kofia ya kazi na tarumbeta ndogo ya shaba, na kila kona alisimama na kutangaza kwa sauti ya puani: mashua zimefika na samaki, mbuzi wa fulani amepotea, Meya ameamuru hivi. Mameya wakibadilika, sauti ilikuwa ile ile. Vita vilipoisha, walioshinda walisema kwamba ameitumikia serikali iliyoshindwa kwa mdomo wake. Watu walikuja nyumbani. Hawakuvunja kitu. Walibisha kwa adabu, wakamwambia kuna tangazo la kusoma uwanjani. Baba akavaa kofia. Narcís, mtoto wa miaka saba, ndiye aliyemkimbilia na tarumbeta iliyokuwa imesahaulika msumarini, akampa. Hakumwona tena.

Hiyo Aketch hakuiandika kwa mwalimu.

Kadiri miezi ilivyokwenda, Kiingereza cha mzee kilianza kumtoka, na mwaka nao ukamtoka. Asubuhi nyingine aliamini yuko nyumbani kwa mama yake. Hakumfungulia mtu aliyefunika uso. Alimfungulia Wilkister tu, na akisikia tarumbeta ya mpira wa bustani alitoka mwenyewe, akiwa ameshika sahani.

*

Karantini haikuwa imefika mbali Aketch aliposhuka kwenye ndoo bila mzaha wowote.

"Mathe, anakohoa."

Wilkister aliacha sufuria kwenye maji. "Kikohozi cha namna gani?"

"Kama cha Baba."

Alitoka nje, akasimama karibu na mabati, mikono ikichuruzika povu. Kifaa cha kupimia hewa kidoleni wangeweza kukiteremsha kwenye kikapu, lakini mzee angekila. Kwa hiyo akafanya kama anavyofanya kazini, kwa wale waliosahau kusema wanaumwa wapi.

"Mwambie asome tangazo. Lile refu alilokufundisha. Mwambie unataka kusikia baba yake alivyokuwa akilisoma."

Aketch akaomba. Upande wa pili kiti kikakwaruza zege. Mzee akaanza, kwa Kikatalani, na sauti ya puani ikaja kama kawaida: "Per ordre..." Akanyamaza, akavuta pumzi. "...del senyor..." Akavuta tena. Wilkister alisikiliza mapengo, hakusikiliza maneno. Zamani mzee alilimaliza tangazo zima kwa pumzi moja na kupiga kifua. Sasa kila neno lilikuja na pumzi yake.

"Basi, Mzee wangu, basi," Wilkister akaita. "Pumzika."

Aliingia ndani, akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea friji.

"Nilimnyoa," akasema.

Ronnie akainuka kwenye kochi. "Lini?"

"Ile Jumapili. Kabla hujapimwa. Niliona ndevu zimesimama nikasema mzee hawezi kukaa Jumapili hivyo, kama mtu asiye na watu. Nikamshika kidevu. Barakoa nilikuwa nimeishusha, Ronnie, kwa sababu nikifunika uso hanijui, anapiga kelele. Nilikuwa nampumulia usoni nikimwimbia."

"Hukujua."

"Kazini najua. Kazini nisingeishusha hata kidogo."

"Mama Aketch, mimi ndiye niliyeileta."

"Uliileta kwangu. Kwake niliipeleka mimi."

Aketch alisimama mlangoni akiwa ameshika tarumbeta yake. 

Wilkister akafuta mikono kwenye gauni, akapiga nambari za dharura. Alitaja umri, anwani, idadi ya pumzi. Kisha akampigia Montse. Alisema, "Montse, nimemwitia ambulensi," halafu akabaki na simu sikioni, akitikisa kichwa kana kwamba yule wa Perth alikuwa anamwona.

*

Walikuja wawili, mwanamke na mwanamume, wamevaa magauni ya plastiki, miwani mikubwa na barakoa. Hawakuwa watu wabaya. Yule mwanamke alibisha taratibu na kujitambulisha kwa jina, akasema amekuja kumsaidia. Kutoka ndani mzee akajibu kwa sauti iliyopanda juu kama ya mtoto.

"El pare no hi és! El pare no hi és!"

"Anasemaje?" mwanamke akawauliza watatu waliokuwa wamepanga vichwa juu ya ua.

"Anasema baba yake hayupo," Aketch akajibu.

"Kuna ufunguo?"

"Ninao mimi," Wilkister akasema. "Lakini ameweka komeo la ndani. Nifungulieni nipite. Atanifungulia, nitamtoa mwenyewe, dakika moja tu."

"Samahani. Wewe una ugonjwa, huruhusiwi kuvuka."

"Yeye pia anao! Nitamwambukiza nini tena?"

"Samahani sana, mama."

Yule mwanamume alikuwa amezunguka hadi dirishani. Akarudi akasema mzee ameketi chini nyuma ya mlango, midomo imeanza kuwa ya bluu. Wakazungumza kwa sauti ya chini. Aketch akalisikia neno polisi, na neno mlango.

"Hapana," Wilkister akasema. "Msiuvunje. Msimvunjie mlango huyo mtu."

"Tukichelewa atakufa hapo alipo."

Wilkister akashuka kutoka kwenye kiti alichokuwa amekanyaga. Akamtazama binti yake. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu kwa homa.

"Piga."

"Mama, hapana."

"Piga, Aketch. Mwambie samaki wamefika."

"Mama, unajua baba yake walimtoa vipi. Alikuambia pia. Ni vile vile."

"Najua."

"Alisema mpiga mbiu hadanganyi. Aliniambia mimi."

"Najua alichosema. Unataka atoke kwa shoka? Piga, mwanangu. Dhambi nitaibeba mimi."

"Nyathina, mwanangu," Ronnie akasema taratibu, "fanya kama mama anavyosema." Akamshikia ndoo isiyumbe.

Aketch akapanda. Akapuliza. Ng'ombe mwenye mafua akalia juu ya Rooty Hill, na yule mwanamume wa ambulensi akageuka kwa mshangao. Kisha Aketch akasoma, kwa sauti ya puani, kwa Kikatalani alichofundishwa juu ya mabati hayo hayo, kwamba kwa amri ya Bwana Meya mashua zimefika, zimejaa, na watu wote washuke pwani na sahani zao.

Ndani bomba la maji likafunguliwa, likafungwa. Komeo likalia.

Mzee Narsi alitoka amevaa koti la Jumapili juu ya pajama, nywele amezilowesha maji na kuzichana pembeni. Mkononi alikuwa na sahani ya bati ya bluu. Watu wa plastiki walisimama kando wakampisha, na hakuwatazama, alikuwa na haraka. Yule mwanamke alimshika kiwiko, naye akakiacha kishikwe, kama mtu anayesaidiwa kushuka ngazi za kwenda mchangani. Walipomweka kwenye kitanda cha magurudumu akaikumbatia sahani kifuani, wakashindwa kuitoa, wakamfunga mkanda pamoja nayo.

Wakati wanamsukuma kupita kando ya ua, aliinua macho akatafuta ilikotoka mbiu. Jua lilikuwa nyuma ya Aketch, na koti la Ronnie lilikuwa kubwa mabegani mwake.

"Pare?" mzee akasema.

Ni neno la kumwita baba.  Milango ya ambulensi ikafungwa.

*

Na sasa tufike mwisho wa historia hii, ambao ni mwisho mwema.

Wodini walimpa kitanda karibu na dirisha. Alitulia tangu dakika ya kwanza. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa Mkenya, dada mmoja aitwaye Chepkoech, ambaye kwa bahati alikuwa akisali kanisa moja na Wilkister kabla makanisa hayajafungwa. Huyo Chepkoech alimletea mzee samaki, wadogo, waliokaangwa vizuri, akawapanga kwenye sahani ya bluu. Mzee akala hadi vichwa. Akamsimulia muuguzi habari zote za Sant Medir kuanzia Warumi, kwa Kiingereza kilichomrudia chote. Montse akaonekana kwenye simu, wakacheka. Mchana mmoja wenye jua, mzee akasema anaisikia mbiu, akageuza uso kuelekea dirishani, akatabasamu, akaondoka kama mtu anayeteremka pwani na

"Aketch."

na wenzake, huku

"Aketch, nani alikuambia hayo?"

Mwandishi mwenye upara na miwani anaomba radhi kwa usumbufu mdogo nyuma ya kiti chake.

"Nani alikuambia alikula?"

"Mathe, ni hadithi tu."

"Nilikuwa nimeiweka simu ya Chepkoech kwa spika. Ulikuwa umekaa hapo hapo ulipo sasa. Ulisikia yote."

Sawa. Sina upara. Sikuona chochote kutoka juu, nilikuwa juu ya ndoo. Mama amekaa kitandani kwangu, amesoma kurasa zote, amepita penye kumnyoa mzee bila kusimama, na amefika hapa ndipo amenikamata. Anasema nifute mwisho huu. Nimemwambia sifuti, nitaacha uonekane, halafu niandike ule mwingine chini yake. Amesema basi andika, nakungoja.

Kitanda hakikuwa karibu na dirisha. Chepkoech alisema kilitazama mlango. Alisema mzee hakulia wala hakusumbua mtu, na hilo ndilo lililomfanya amkumbuke na kuuliza ni jirani wa nani. Aliishika sahani mchana kutwa. Walimletea chakula cha hospitali, na siku moja kilikuwa kweli samaki, kipande cheupe chenye mchuzi, naye akakisogeza kwa adabu akaifuta sahani yake kwa shuka ili iwe safi. Kila aliyeingia na gauni la plastiki, mzee alimuuliza neno moja kwa Kikatalani, na Chepkoech akadhani anaomba maji, akawa anampa maji, naye anayanywa na kuuliza tena. Siku ya mwisho Kiingereza kilimrudia kidogo. Chepkoech akamwambia, Mzee, lala, weka sahani chini. Akajibu kwamba hawezi, kwa sababu mashua zimetangazwa. Alisema aliyetangaza ni baba yake, na baba yake hajawahi kusema uongo.

Montse alikuwa akisubiri kwenye simu, lakini alipounganishwa baba yake alikuwa ameshafariki.

Maziko yaliruhusiwa watu kumi, wakapatikana wanne. Sisi tulitazama kwenye simu ya Baba iliyoegemezwa kwenye mtungi wa chumvi. Padri alisema marehemu alizaliwa Hispania. Hakuitaja Sant Medir, wala samaki, wala mnara, kwa sababu hakuna aliyemwambia, na sisi tulioijua tulikuwa tumezimiwa sauti. Baba alisema, "Mwambie, Wilki, bonyeza hapo," na Mama akabonyeza, akabonyeza, mpaka picha ikakatika.

Mpaka wa Perth ulipofunguliwa, Montse alikuja kuuza nyumba. Alikaa jikoni kwetu, akala omena kwa vidole, pua yake ikiwa ile ile ya baba yake. Aliileta sahani akasema ibaki kwetu. Akamuuliza Mama baba yake alitokaje siku ile, maana alikuwa hamfungulii mtu. Mama akasema, "Alitoka mwenyewe. Alikuwa amevaa vizuri." Montse akashukuru. Mimi nilikuwa nakausha vyombo, nikaendelea kuvikausha.

"Umemaliza?" Mama anauliza.

"Bado mstari mmoja."

"Andika ulichosema siku ile. Usifiche kwa ajili yangu. Nilisema dhambi nitaibeba, lakini hilo halikuzuii kuandika."

Kwa amri ya Bwana Meya, watu wote wa Sant Medir mnatangaziwa kwamba mashua zimefika, zimejaa samaki, shukeni pwani na sahani zenu. Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa tarumbeta, kwa sauti ya baba yake, na hakukuwa na mashua.